Nikichanganya nyimbo, simu inampendelea msanii mmoja. Ni mimi au ni mashine?

#1 MamaSaluni

Wakuu, heshima kwenu.

Nina saluni ya kusuka hapa Mwanza. Ndani nina sabufa inayosoma flashi, na flashi ikinichosha naunganisha simu. Nyimbo zangu ni 50 tu, nimezichagua mwenyewe moja moja, sina tamaa ya kubeba nyimbo elfu. Kati ya hizo 50, kumi ni za msanii mmoja ambaye jina lake naliacha, maana tayari limeniletea maneno.

Tatizo ni hili. Nikibonyeza ile alama ya mishale miwili inayopishana, huyu jamaa anakuja mara mbili mfululizo. Siku nyingine mara tatu. Halafu kuna wimbo mmoja wa zamani naupenda sana, tangu Jumatatu haujapigwa hata mara moja. Juzi mteja niliyekuwa namsuka twende kilioni akaniuliza mbele za watu, "Mama, huyu msanii ni shemeji yetu, au?" Saluni nzima ikaangua kicheko.

Nauliza wanaojua: kule kuchanganya ni kweli, au kuna mchezo unachezwa?

#2 Kiberiti_Njiti

Shemeji anasemaje lakini? 😂 Naweka kambi hapa.

#3 Mchunguzi_Huru

Dada, hapo hakuna cha nasibu. Biashara ya muziki ni pesa. Mwenye nguvu anasukumwa mbele, asiye na kitu anazikwa chini. Mnadhani programu za bure zinaishi kwa kula hewa?

#4 Mwl_Magazijuto

Mchunguzi, simu inayopiga mafaili yaliyomo ndani yake yenyewe, bila bando, inamsukuma msanii kwa faida ya nani? Tuanze na hesabu kwanza, mashtaka yafuate.

MamaSaluni, una nyimbo 50, kumi za mtu mmoja. Ukizichanganya kwa haki kabisa, bila hila yoyote, uwezekano wa nyimbo zake mbili kukutana angalau mara moja kabla orodha haijaisha ni takriban asilimia 89. Yaani ukikaa siku kumi, ukipiga orodha nzima kila siku, ni kama siku moja tu ndiyo utapata mpangilio ambao hajirudii mfululizo. Hiyo siku moja ndiyo ya ajabu, hizo tisa ndizo za kawaida.

#5 Bwana_Ushahidi

Mwalimu, asilimia 89 umeitoa wapi? Usije ukawa unatupiga na chaki.

#6 Mwl_Magazijuto

Haya, fuata polepole. Zipange zile nyimbo 40 za wengine kwenye mstari, kama wanafunzi paredi. Kati yao, pamoja na mbele ya wa kwanza na nyuma ya wa mwisho, kuna nafasi 41. Ili nyimbo kumi za huyu bwana zisigusane, kila mmoja lazima uingie kwenye nafasi yake peke yake. Njia za kuchagua nafasi 10 kati ya 41 ni 1,121,099,408. Njia zote za kuchagua sehemu 10 kati ya 50 ni 10,272,278,170. Gawanya. Unapata karibu asilimia 11 ya kutogusana. Zilizobaki ni kugusana.

Hata angekuwa na nyimbo tano tu kati ya 50, bado kugusana kungetokea karibu mara 35 katika kila 100.

#7 Bwana_Ushahidi

Nimegawa kwa kikokotoo. Nimekaa kimya.

#8 Karata_Tatu

Mimi nitasema kwa lugha ya kijiweni. Kuna mambo mawili watu wanayachanganya.

La kwanza ni kuchota wimbo wowote kila wimbo unapoisha, kama kurusha dadu. Hapo wimbo uliopigwa sasa hivi unaweza kurudi papo hapo, kwa sababu dadu haina kumbukumbu. Ukiwa na nyimbo 100 na ukachota mara 100 kwa mtindo huo, karibu 37 hutazisikia kabisa. Ukitaka kuzisikia zote, kwa wastani itakubidi uchote mara 519 hivi.

La pili ni kuchanga karata. Unazitia zote kofiani, unaingiza mkono bila kuchungulia, unatoa moja, unaiweka mezani, unarudia mpaka kofia iwe tupu. Hapo hakuna unaorudi kabla wote hawajapita. Programu nyingi zinafanya hivi. Utaratibu wenyewe ni wa Ronald Fisher na Frank Yates, wanatakwimu, waliuandika mwaka 1938 kwa ajili ya kalamu na karatasi. Richard Durstenfeld akauweka kwa namna ya kompyuta mwaka 1964. Ni mistari michache tu ya programu na ukiandikwa vizuri haumpendelei mtu.

Sisi tunaocheza arubastini tunalijua jambo hili mkononi. Mtu amechanga vizuri, kagawa, halafu mmoja anafungua mkono anakuta shupaza sita. Wa kwanza kulalamika ni nani? Yule aliyepata mabaya. Hakuna anayelalamika amepata mkono wa kawaida.

#9 MamaSaluni

Mwalimu nimekuelewa kiasi. Lakini wimbo wangu wa zamani je? Kama ni kofia, mbona hautoki?

#10 Mwl_Magazijuto

Swali zuri. Je, kila asubuhi unaendelea pale ulipoishia jana, au unabonyeza upya?

#11 MamaSaluni

Nabonyeza upya. Nikifungua saluni napiga kama nyimbo kumi, wateja wakijaa mtu anataka taarifa ya habari, tunaingia redioni.

#12 Mwl_Magazijuto

Basi ndiyo hiyo. Kila asubuhi unazirudisha karata zote kofiani na kuchota kumi. Mambo mawili yatatokea:

Uwezekano kwamba angalau wimbo mmoja wa jana utajirudia leo ni kama asilimia 92. Utasema "simu inapenda nyimbo zilezile".

Na baada ya asubuhi tano za namna hiyo, kati ya nyimbo zako 50, kwa wastani 16 zitakuwa hazijawahi kupigwa. Wako wa zamani ni mmoja wa hao 16. Haujafichwa na mtu, uko chini ya kofia.

Kesho usibonyeze upya. Endelea ulipoachia.

#13 Mchunguzi_Huru

Mwalimu anatetea mashine kama vile ana hisa.

#14 Kumbukumbu_za_Vita

Samahani naingilia, mimi si mtu wa muziki. Nimekumbuka habari ya London.

Kuanzia Juni 1944 Wajerumani walikuwa wanarusha V-1, yale mabomu yenye mabawa yanayojiendesha yenyewe, kuelekea London. Watu wa mji wakaanza kuona kwamba yanaangukia mitaa fulani kwa makundi na kuiruka mingine. Ukiwa chini ya bomu, hilo si jambo la mzaha. Kama adui ana shabaha, unahama mtaa.

Mwaka 1946 mtaalamu mmoja wa hesabu za bima, R. D. Clarke, akachukua eneo la kilometa za mraba 144 kusini mwa London, akaligawa viboksi 576 vyenye ukubwa sawa. Mabomu yaliyoangukia humo yalikuwa 537. Akahesabu: viboksi 229 havikupigwa kabisa, 211 vilipata bomu moja moja, 93 mawili, 35 matatu, 7 manne, na kimoja kilipata matano au zaidi. Akalinganisha na kile ambacho hesabu ingetarajia kama mabomu yangeanguka bila kulenga kiboksi chochote. Kwa visivyopigwa kabisa hesabu ilisema 227 hivi, kwa vilivyopata moja 211. Yaani karibu sawasawa.

Makundi yalikuwapo kweli. Kilichokosekana ni mlengaji.

#15 Mpishi_wa_Pilau

Huu mfano umenisaidia kuliko zile nafasi 41, Mwalimu anisamehe. Ni kama zabibu kwenye pilau. Ukikoroga vizuri hazikai umbali sawa. Kijiko hiki kina nne, kile hakina hata moja, na mtoto aliyekosa atalia kwamba mama anampenda kaka.

#16 Kodi_na_Kahawa

Naandika programu, ngoja nimpe Mchunguzi nusu ya haki yake, maana anaonewa.

Kampuni zenyewe zilishakiri kwamba ziliacha kutegemea unasibu mtupu. Septemba 2005 Apple walipotoa iTunes 5, programu yao ya kupiga muziki, waliweka kitelezi cha kuchagua kama unataka msanii yuleyule akufuate mara nyingi au mara chache. Walikuwa wamechoka na malalamiko kama ya MamaSaluni. Bosi wao, Steve Jobs, akaeleza, kwa maana yake, kwamba wanaupunguza unasibu ili watu wauone ni wa nasibu zaidi.

Spotify, wale wa muziki wa mtandaoni, nao mwaka 2014 waliandika wazi kwamba mwanzoni walikuwa wanatumia njia ileile ya kofia ya Fisher na Yates, wasikilizaji wakalalamika kwamba si nasibu, wakabadilisha. Njia mpya ya wakati huo ilifanya hivi: msanii mwenye nyimbo nne, kila wimbo wake unatupwa kwenye robo yake ya orodha, kisha unasogezwa kidogo mbele au nyuma kwa kubahatisha ili usionekane umepimwa kwa rula. Ukifanya hivyo kwa kila msanii, ukazilaza orodha zote juu ya nyingine, hakuna anayebanana sana.

Kwa hiyo kumbuka hili: mashine ilipokuwa ya haki watu walisema inaiba. Ilipoanza kupanga, wakasema sasa ni ya haki.

#17 Mchunguzi_Huru

SI NILISEMA! Wamekiri wanapanga! Mods bandikeni uzi huu juu.

#18 Kodi_na_Kahawa

😂 Subiri mkuu. Kupanga ili msanii asibanane ni kinyume cha kumpendelea. Lakini kuna pale ambapo una hoja. Spotify mwaka 2023 walileta kuchanganya kwa aina nyingine, kunakoingiza kwenye orodha yako nyimbo ambazo hukuziweka, kwa kukisia utazipenda. Na programu nyingi, orodha yako ikiisha, zinaendelea zenyewe na nyimbo za kupendekeza. Hapo si kofia yako tena. Kuna mtu mwingine anatia karata kofiani, na vigezo vyake wewe huvioni. Hapo uliza maswali yote unayotaka, mimi niko upande wako.

Ila kwa mafaili 50 ya MamaSaluni yaliyomo ndani ya simu, hapana.

#19 Mchunguzi_Huru

Nakubali nusu. Nusu nyingine naihifadhi.

#20 MamaSaluni

Nimerudi na ushahidi. Jumamosi na Jumapili niliweka daftari la madeni wazi kwenye kaunta, kila wimbo ukianza naandika msanii. Orodha nzima, nyimbo 50, kama saa tatu na dakika ishirini.

Jumamosi: "shemeji" kafuatana mara mbili.
Jumapili: mara moja tu, lakini mara hiyo walikuwa watatu mfululizo.

Mwalimu, hiyo ni nyingi au kidogo?

Na jambo lililonishangaza: kuna dada mwingine ana nyimbo tano tu humo. Jumamosi naye alifuatana mara moja. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nasuka na sikuona kitu mpaka niliposoma daftari. Wateja nao hawakuona. Sasa najiuliza, mbona yule tunamwona na huyu hatumwoni?

#21 Mwl_Magazijuto

Kwa hesabu, kila unapochanganya hizo 50, jozi za "shemeji" za kugusana ni 1.8 kwa wastani. Jumamosi jozi mbili. Jumapili watatu mfululizo ni jozi mbili pia, wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu. Simu yako iko sawa kabisa.

Na jibu la swali lako la mwisho umeshalitoa mwenyewe. Tangu mteja aseme neno "shemeji", masikio ya saluni nzima yanamvizia huyo. Akija peke yake hamhesabu. Akija na mwenzake mnaandika moyoni.

Darasani nina mchezo wangu. Nusu ya wanafunzi warushe sarafu mara 200 na kuandika, nusu nyingine wabuni tu matokeo kichwani. Mimi natoka nje. Nikirudi nawatambua wabunifu mara nyingi bila shida. Aliyerusha kweli, zaidi ya mara tisa kati ya kumi atakuwa na sehemu yenye kichwa sita mfululizo au mwenge sita mfululizo. Aliyebuni anaogopa. Akifika nne anajiambia "hapana, hii itaonekana ya uongo", anageuza.

#22 Fundi_Sabufa

Mnaongea vizuri ila mmemsahau mgonjwa wa pili. Dada alisema ana simu NA sabufa. Mimi natengeneza hizo sabufa mwaka wa tisa huu. Dada, fanya jaribio: weka flashi, washa changanya kwa rimoti, andika nyimbo tano za kwanza. Chomoa kwenye umeme kabisa, hesabu hadi thelathini, chomeka, washa changanya tena, andika tano. Rudia mara tatu.

#23 MamaSaluni

Fundi, nisingejaribu, umeme wenyewe ulinisaidia, jana ulikatika mara mbili na mara ya tatu nikachomoa mimi.

Mara ya kwanza, ya pili na ya tatu: nyimbo tano zilezile. Kwa mpangilio uleule! Na wa pili na wa tatu ni wa shemeji!!

Kumbe sina wazimu.

#24 Mchunguzi_Huru

Narudisha ile nusu yangu.

#25 Kodi_na_Kahawa

Fundi nimekuvulia kofia. Sote tulikuwa tunashangilia hesabu, kumbe nusu ya malalamiko yalikuwa ya kweli.

Kwa wasioelewa: kompyuta haijui kubahatisha. Inachofanya ni kuchukua namba moja ya kuanzia, tunaiita mbegu, kuipitisha kwenye kanuni na kupata namba nyingine, hiyo nayo inapitishwa tena, na kuendelea. Kwa macho yetu zinaonekana hazina mpangilio, lakini mbegu ileile itazaa mlolongo uleule, leo na mwaka kesho. Simu inachukua mbegu kwenye vitu vinavyobadilika, mfano saa yake kwa sehemu ndogo ndogo za sekunde. Sabufa ya bei rahisi haina saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Ikiwaka, inaanzia mbegu ileile iliyowekwa kiwandani. Kwa hiyo kila umeme unaporudi, saluni yako inarudi alfajiri ileile.

Hata mbegu nzuri ina mipaka. Mbegu ya biti 32, yaani namba ya tarakimu 32 za sifuri na moja tu, inaweza kuwa moja kati ya namba 4,294,967,296. Nyimbo 13 tu zinaweza kupangwa kwa njia 6,227,020,800. Yaani kwa nyimbo 13 tayari kuna mipangilio ambayo mashine ya namna hiyo haitaifikia milele. Hilo sikio halitaligundua, nasema tu kwa sababu linanifurahisha.

#26 Fundi_Sabufa

Dawa ni ndogo. Ama tumia simu kwa bluetooth, ama usitumie changanya ya sabufa kabisa. Zipange mwenyewe kwenye flashi. Ila angalia, sabufa nyingi za aina hii hazifuati herufi za majina. Zinapiga kwa mfuatano ambao mafaili yaliingizwa. Kwa hiyo futa zote, ingiza moja baada ya moja kwa mpangilio unaoutaka. Ukizikokota zote kwa mkupuo mashine itajipangia.

#27 Ami_wa_Mji_wa_Kale

Nawasoma kutoka Mombasa, nacheka. Sisi wa kanda hatukuwa na kitufe hicho. Wimbo ukiisha, kabla wa pili haujaanza, mdomo ushaanza kuuimba, kwa kuwa upande A ulikuwa na mpango wake na mpango ule umetuingia damuni. Mpaka leo nikiusikia wimbo fulani redioni, ukimalizika nausubiri ule mwenzake, nao hauji. Novemba 2021 yule mwimbaji wa Uingereza, Adele, aliwaomba Spotify wasifanye kuchanganya kuwa ndiyo chaguo la kwanza kwenye albamu, wakakubali. Nikasema, alhamdulillahi, kuna kijana anayejua kwamba upande A ulipangwa na mtu.

#28 Kiberiti_Njiti

Shikamoo Ami. Lakini upande A ukiisha si mlikuwa mnarudisha kwa kalamu? Hayo hamsemi.

#29 Ami_wa_Mji_wa_Kale

Marahaba. Kalamu yenye pembe sita, ndiyo inayoshika. Ya mviringo huteleza.

#30 MamaSaluni

Mrejesho, wakuu, kisha niwaache.

Nimefanya kama Fundi alivyosema. Nimefuta flashi, nikakaa usiku na kijana wangu kwenye kompyuta ya jirani, tukaingiza nyimbo 50 moja moja. "Shemeji" ana kumi, kwa hiyo nikamweka kila baada ya nyimbo nne za wengine. Hakuna kugusana hata mahali pamoja. Nikajiona nimemaliza kesi.

Leo saa tano asubuhi yule mteja wa twende kilioni amerudi kufumua. Amekaa, amesikiliza kama saa nzima bila kusema kitu. Halafu akahesabu kwa vidole, akaniangalia kwenye kioo, akasema: "Mama, sasa umempangia na zamu kabisa."

#31 Kodi_na_Kahawa

Dada, si nilisema kila mmoja unausogeza kidogo mbele au nyuma!

#32 MamaSaluni

Kijana kalala na kompyuta imerudi kwa mwenyewe. Kesho napiga redio.